KULWA NA DOTO KATIKA DAFTARI

Wasukuma wakijaliwa pacha huwaita Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Hapa Mpanda Wasukuma ni wengi, kwa hiyo majina hayo nayo ni mengi. Ni majina mazuri. Lakini muhula uliopita yalinitia aibu, na ndiyo sababu nashika kalamu.

Mwalimu alinipa faili mbili za XML. Moja ilikuwa orodha ya wanafunzi na simu za wazazi wao, ya pili alama za Hisabati. Aliniagiza niziunganishe kwa XSLT, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1999 kwa kazi ya kupanga upya habari za namna hiyo. Kazi yenyewe si ngumu. Programu husoma faili ya kwanza. Agizo liitwalo document hufungua ya pili. Kisha kila mwanafunzi hutafutiwa alama zake kwa kitu kilichomo katika faili zote mbili. Kitu hicho ndicho ufunguo. Mimi nilichagua jina.

Tulikuwa na akina Doto wawili, hata majina ya baba zao yalilingana. Mashine ilichukua alama za yule wa kwanza, 23, ikawapa wote wawili. Doto wa pili alikuwa amepata 68. Kulwa mmoja, aliyeandikwa Kurwa katika faili ya pili, hakupata kitu. Kabla kosa halijagunduliwa, baba yake Doto alikwisha mwambia binti aache shule akachunge ng'ombe. Nilikwenda mwenyewe kumwomba mzee radhi.

Wako wanaosema turudi kwenye kalamu na karatasi. Mimi sikubali. Karani anayelinganisha madaftari mawili kwa majina atakosea vile vile, tena polepole. Kosa halikuwa la mashine, lilikuwa la ufunguo.

Jambo hili si la shule peke yake. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi, na ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Twaweza kuzilinganisha hesabu hizo. Lakini atakayeitafuta Katavi katika sensa ya mwaka 2002 hataiona, maana wakati ule Mpanda ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa. Je, aseme hapakuwa na watu? La! Jina ndilo halikuwapo.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, namba ya uandikishaji ya mwanafunzi iandikwe katika kila daftari, nayo iwe ndiyo ufunguo. Pili, kabla ya kuunganisha, tutoe orodha ya waliomo katika faili moja na wasiomo katika nyingine, na ya namba zilizojirudia. Mwalimu azisome kwa macho yake. Tatu, wazazi wetu wakiona jina la mtoto halilingani na cheti chake cha kuzaliwa, wasingoje mtihani wa Kidato cha Nne, waje mapema.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mashine ile haikuniuliza ni Doto yupi. Nami sikumwuliza mtu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu