Tuache Kudesa

Washikaji, tuambiane ukweli. Kila nikikaa na waandishi chipukizi hapa Arusha nasikia wimbo ule ule: "Sina stimu, bwana. Huku kwetu hakuna cha kuandika." Uongo mtupu!

Nasema hivyo kwa sababu nami nilikuwa mdesaji. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa ya mpelelezi wa Chicago, kavaa koti refu, anakata theluji. Nikamsomea binamu yangu, muuza nyanya soko la Kilombero. Akaniuliza, "Kaka, hiyo theluji umeikanyaga wapi?" Nikakosa jibu. Miezi sita sikushika kalamu.

Kumbe hadithi zilikuwa zimejaa miguuni pa Mlima Meru. Mwaka 1951 Waingereza waliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate ardhi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea wenzake Umoja wa Mataifa. Hiyo si riwaya? Nani kati yetu ameigusa? X Plastaz, vijana wa hapa hapa, walichanganya rap na uimbaji wa Kimaasai. Mwaka 2004 ikatoka albamu yao "Maasai Hip Hop". Hawakuiga Marekani wakaishia hapo.

Stimu haingojewi kijiweni. Inakukuta kazini. Mimi nilianza upya na binamu yangu na nyanya zake. Ukurasa mmoja tu, tena mbovu, lakini wangu. Wa kwako uko wapi?