Nyuklia ya nini, na joto tunalo?

Stima zimepotea tena hapa Mjambere, naandika kwa betri. (Najua, mara nyingi mkosa ni transfoma.) Jamani, kuna waliotaka kinu cha nyuklia Uyombo, Kilifi! Wenyeji waliandamana kukipinga mwaka 2024, nami niko nao. Olkaria inazalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981, na visima vyake vinafika kama kilomita tatu tu. Kule Reykjanes, Iceland, walifika mita 4,659 mwaka 2017 wakapima joto la nyuzi 427. Ni ghali, na bomba la kisima chao liliharibika, sikatai. Lakini mafundi wa kuchimba tunao: KenGen imechimbia hata Ethiopia na Djibouti. Wa nyuklia tutawaazima wapi?