Muulize fundi ukomo wa mazabodi kabla ya kutoa hela

MEZANI KWA NYAGAWA
Na Bahati Nyagawa

Kompyuta ikianza kuwa nzito, jibu la haraka Makambako na Njombe mjini ni moja: ongeza RAM. Mama wa steshenari karibu na stendi anaambiwa hivyo, katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anaambiwa hivyo, kijana anayehariri video za harusi anaambiwa hivyo. Fundi anafungua kava, anachomeka kipande, mashine inawaka, anapokea chake na kuondoka. Haupiti muda mwenye mashine yuko palepale: fomu ya Bodi ya Mikopo, HESLB, inazunguka tu kwenye kioo, na mwanafunzi aliyetoka Wanging'ombe na nauli ya kurudia mfukoni amesimama nyuma yake, anatazama saa.

Sina ugomvi na RAM. Nina ugomvi na fundi anayeuza kipuri kabla ya kusoma jina la mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Kila kompyuta ya mezani imetoka kiwandani na ukomo wake: kiasi cha RAM itakachokubali, aina ya prosesa itakayoingia, umeme utakaotosha, na siku hizi hata Windows itakayoruhusiwa. Ukomo huo haubembelezeki. Dereva wa lori la mbao anayetoka Lupembe anajua uzito unaoruhusiwa kwenye mizani ya Makambako kabla hajapakia ubao wa kwanza. Sisi kwenye kompyuta tunapakia kwanza, mizani tunaikuta mbele.

Tuanze na mashine za Core 2 Duo, zile zilizopanda basi kutoka Kariakoo miaka hiyo na mpaka leo zinachapa barua za posa na mikataba ya mashamba ya parachichi. Nyingi zina chipseti ya Intel ya G31 au G41. G31 mwisho wake ni RAM ya GB 4. G41 mwisho wake ni GB 8. Huwezi kuipa G31 GB 8 kwa dua wala kwa fundi hodari. Na mwenye G41 aliyeongezewa RAM huku Windows yake ni ya biti 32 amenunua kipande cha kulala tu, maana Windows hiyo huona GB 3 na ushee, basi. Alichohitaji kwanza ni kupigiwa Windows ya biti 64, ambayo Core 2 Duo inaimudu, na kazi hiyo haihitaji kipuri chochote.

Halafu kuna mitego ya RAM yenyewe, na hapa ndipo hela nyingi inapopotea. DDR2 haiingii kwenye nafasi ya DDR3, pengo la katikati limehamishwa makusudi. Huo ni mtego mwepesi, macho yanaona. Mgumu ni ule wa kipande kinachoingia vizuri na bado kinakataliwa. Bodi za G41 zenye DDR3, kwa mfano, kwa kawaida hukubali kipande cha GB 4 chenye chipu 16, nane kila upande. Kipande kipya zaidi cha GB 4 chenye chipu nane tu kinazishinda, kwa sababu kila chipu imebeba data nyingi kuliko chipseti ile inavyoweza kuhesabu. Zipo pia RAM za DDR2 za GB 4 zinazouzwa kwa bei ya kutupa ambazo hufanya kazi kwenye mazabodi za AMD peke yake. Zipo za seva, kubwa na rahisi, ambazo kompyuta ya kawaida ya mezani haizitaki kabisa. Katika hali zote hizo kipande ni kizima. Kinaingia, kinabana, mashine inalia biip, kioo kinabaki cheusi, na muuzaji anasema bodi yako imekufa.

Kupoteza hela namna hii si jambo geni: Tanzania iliumizwa na kompyuta mapema. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 kutoka Uingereza, kwa ajili ya hesabu za serikali. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa, gharama zikawa kubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Leo hakuna wa kuturudisha huko, na asijaribu. Ila wakati ule aliyeumia ni Hazina. Sasa anaumia mama wa steshenari, kidogo kidogo, kipande kwa kipande, na hakuna wizara inayomhesabia hasara.

Kama hela yako inatosha kipuri kimoja tu, nunua SSD. Nitalisema hili mpaka nichokwe. Hadi diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wa kusomea unaokimbia huku na huko kutafuta faili. Windows inapowaka inadai maelfu ya vifaili vidogo vilivyotapakaa kila kona ya sahani, na mkono ule ndio unaokuchelewesha, si prosesa. SSD haina kinachozunguka. Mashine ya mwaka 2009 iliyokuwa inawaka huku ukinywa chai inawaka kabla hujamimina.

Wapo mafundi wanaokataa: bodi ni SATA 2, itakubana. Kweli itakubana. SATA 2 inapitisha takriban MB 300 kwa sekunde, na SSD ya leo inaweza kwenda zaidi ya 500. Lakini hadi diski unayoing'oa ilikuwa inahangaika kufika mia moja na kidogo, tena kwa faili kubwa lililopangwa vizuri. Kwa vifaili vidogo ilikuwa inatambaa. Aliyekushauri uache SSD kwa sababu ya SATA 2 amesoma nusu ya somo. Unachopaswa kukataa ni SSD za NVMe kwenye mashine za zama hizo. Hata ukizichomeka kwa adapta, BIOS ya zamani haijui kuanzishia Windows hapo.

Prosesa ni habari nyingine, na hapa mwaka huu watu wengi wataumia. Microsoft ilifunga huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Imeongeza masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026 kwa mtumiaji atakayejisajili, lakini tangazo lililofika mitaani ni fupi: nenda Windows 11. Na Windows 11, tangu ilipotoka mwaka 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa sehemu kubwa prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine bora tulizonazo kwenye ofisi ndogo za Njombe, zile Dell na HP zenye i5 ya kizazi cha 6 au cha 7, zimeachwa nje kwa kizazi kimoja au viwili.

Sasa sikiliza kinachofuata. Mteja anasikia kizazi cha 8, anauliza kama inaweza kubadilishwa prosesa tu. Muuzaji anaangalia soketi: kizazi cha 6 ni LGA 1151, na i5-8400 ya kizazi cha 8 nayo ni LGA 1151. Pini idadi ileile, inakaa sawasawa. Biashara inafanyika. Mashine haiwaki, kwa sababu Intel ilibadilisha kazi za baadhi ya pini na kudai chipseti mpya za mfululizo wa 300. Kuna watu watauziwa prosesa hizo mwaka huu kwa nia njema kabisa, na hiyo nia njema haitawarudishia hela.

Fundi mwingine atakupigia Windows 11 kwa kuruka masharti, kwa flashi iliyoandaliwa na programu ya Rufus. Hilo linawezekana, na kwa mashine ya kizazi cha 6 litafanya kazi. Nalikubali kama mwenye mashine ameambiwa kwamba Microsoft haimdhamini na masasisho yanaweza kukatika siku yoyote. Nalikataa likiuzwa kama Windows 11 kamili. Kwa Core 2 Duo hata njia hiyo ya kuruka imezibwa: kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inatumia amri ambayo prosesa zile hazikuzaliwa nayo. Haitawaka hata ufanye nini.

Ukomo wa mazabodi, kwa hiyo, hauishii ndani ya kava. Aliyebaki na Windows 7 kwa sababu RAM haikutosha alikatiwa masasisho ya usalama Januari 2020. Mwaka 2023 Chrome nayo ikamwacha kwenye toleo la 109. Mwaka huohuo zabuni za serikali zikahamia mfumo wa NeST, wakati maombi ya kazi yalishakuwa Ajira Portal na usajili wa biashara uko mtandaoni BRELA. Mtu anayefungua mifumo hiyo kwa kivinjari cha miaka mitatu iliyopita, akikwama, analaumu mtandao, analaumu TANESCO, analaumu mfumo. RAM aliyoongeza juzi haina kosa wala msaada.

Kwa mashine kama hiyo kuna njia ya heshima: Linux Mint. Toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029, linakwenda kwenye Core 2 Duo yenye GB 4 na SSD, na kivinjari chake ni cha leo. Sitawadanganya, steshenari itapata shida mbili. Baadhi ya printa hazina draiva nzuri za Linux, na hati iliyopangwa kwa Word ikifunguliwa kwa LibreOffice inaweza kusogea mistari, jambo ambalo mteja mwenye CV yake hatalivumilia. Ndiyo maana ningeitenga kompyuta hiyo kwa kazi za mtandaoni tu, uchapaji ukabaki kwenye mashine ya Windows.

Vijana wa video nao nawagusa kidogo. Zile Dell nyembamba zilizotoka maofisini zina powa sapulai ndogo na nafasi ya kadi fupi tu. Kadi ya picha kubwa haiingii, na ikiingia haina waya wa kuilisha. Kubadilisha powa sapulai nako kuna kikwazo: OptiPlex 9020 na wenzake wana plagi ya pini nane ya Dell wenyewe kwenye bodi, si ile ya 24 inayouzwa kila duka. Kwa kazi ya video, uza hiyo, tafuta kompyuta yenye kava kubwa la mnara.

Kabla ya hayo yote, fungua kava uone vumbi. Upepo wa Makambako, ambao wawekezaji wameukodolea macho kwa mitambo ya umeme, unajaza mavumbi kwenye feni kuliko baridi ya Njombe inavyoweza kusaidia. Prosesa ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe, na mwenye mashine anaiita uzee. Brashi, pesti mpya chini ya feni, umemaliza. Na kuna ile betri bapa, CR2032. Ikifa, kila umeme ukikatika saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na kivinjari kinakataa tovuti zote salama kwa sababu vyeti vyake vinaonekana vya tarehe isiyofika. Mashine nyingi zimehukumiwa kifo kwa betri inayouzwa duka la saa.

Sasa soko limebadilika, na hili litaongeza tamaa. Viwanda vikubwa vya RAM duniani vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake iliyokuwa ikiuzia watumiaji wa kawaida. Bei ya RAM mpya imepanda, na vipande vya mtumba vitafuata. Usimpe muuza vyuma chakavu kompyuta iliyokufa bila kutoa RAM zake kwanza, uandike aina zake kwa kalamu na uzihifadhi. Hadi diski itoe pia, maana ya steshenari ina vyeti na namba za NIDA za watu wa tarafa nzima.

Kwa mafundi wa Makambako na wa Njombe, ombi langu linatosha kwenye mgongo wa risiti: jina la mazabodi, RAM ya mwisho inayokubali na aina yake, soketi, na Windows ya mwisho inayoruhusiwa. Mistari minne. Mteja anaweza kuanza mwenyewe: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, soma mstari wa BaseBoard Product, kisha tafuta jina hilo kwenye tovuti ya kiwanda. Nenda dukani na karatasi hiyo mkononi. Muuzaji akikuambia haina maana, duka la pili haliko mbali.