Wapagazi wa Ufipa Waandikwe



Ramani ya Ufipa hutundikwa ukutani katika ofisi, na karani aipitaye kila siku huiona kuwa pambo tu. Lakini akiisoma vema atafahamu kwa nini nchi hii, isiyofikiwa na reli hata leo, imekanyagwa na majeshi ya watu wasiotaka kukaa ndani yake. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, mashariki liko Ziwa Rukwa, na kati yao uwanda wetu umeinuka yapata mita 1,000 juu ya maji hayo. Kingo zake ni miteremko mikali. Huko Kalambo, mpakani na Zambia, mto waanguka zaidi ya mita 200. Basi jeshi litokalo kusini, lisilo na vyombo vya maji wala halitaki matope ya Rukwa, hupita huku juu kwenye baridi yetu na ulezi wetu.

Hivyo ndivyo walivyopita Wangoni wa Zwangendaba, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835. Mkuu wao alifia Ufipa yapata mwaka 1848, nao wakagawanyika, wengine wakaenda Unyamwezi, wengine wakafika hata Songea. Kisha Wadachi wakajenga boma Kasanga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. Katika Septemba 1914 waliishambulia Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Mwezi wa Mei 1916 Waingereza wa Murray nao wakavuka mpaka na kuizunguka ngome ya Namema. Wadachi wakatoka usiku, wakaenda zao. Tarehe 8 Juni Waingereza waliingia Bismarckburg wakakuta boma tupu. Wenyewe wamekwisha kuondoka kwa mashua, ijapokuwa vyombo vya vita vya Spicer-Simson vilikuwa katika ziwa lile lile! Na von Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini pale Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, aliletwa Kasanga apande chombo kwenda Kigoma.

Majina ya mabwana hao yamo vitabuni. Mimi nauliza: nani aliyebeba mizigo yao?

Tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yetu. Mpagazi hubeba kilo 25 za unga, naye hula kilo moja kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, amekwisha kula kilo 24, na askari aliye mbele amepata kilo moja. Ndiyo sababu kila askari alihitaji watu wengi nyuma yake, na pande zote mbili zikawachukua vijijini walikopita, wengi bila hiari yao. Kwa upande wa Waingereza peke yake, katika Afrika ya Mashariki yote, wapagazi waliokufa wahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa, si risasi. Dar es Salaam ipo sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yawataja wapagazi, walakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki na singe.

Sisi makarani huandika kila mwaka idadi ya viti vya ofisi, hata kile kilichovunjika mguu. Je, mtu aliyechukuliwa shambani kwake asirudi hastahili mstari mmoja? Najua wako watakaosema kwamba jambo hili si kazi ya chama, kwamba chama ni cha mishahara na likizo. Sikubaliani nao. Wapagazi wenyewe hawapo tena, na wajukuu waliosikia habari zao kwa vinywa vyao sasa ni wazee wenye mvi. Tukingoja serikali itume mtaalamu, atakuta makaburi.

Naomba kila tawi litoe daftari moja. Iandikwe: jina la mpagazi, kijiji chake, jeshi lililomchukua, alikopelekwa, kama alirudi au hakurudi, na jina la aliyesimulia. Hapa Majengo nitaandika mimi, jioni baada ya saa za kazi. Wenzetu wa Kasanga, Namanyere na Kirando watuarifu katika mkutano ujao nani atashika kalamu huko kwao.