Pikipiki katika vichochoro vya Lamu

Mwandishi wa makala ya pikipiki hapa Lamu amenena kweli, ila jeraha lenyewe hakuligusa. Mji wetu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa kadiri ya mtu na punda, hata mzee aketiye barazani baada ya swala ya alasiri hulazimika kukunja miguu ili apishe punda mwenye shehena ya mchanga; naye leo, wallahi, apishe na pikipiki! Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, ambao tangu ugatuzi wa 2013 twawachagua sisi wenyewe, twawasihi wazizuie pikipiki zisiingie mji wa kale, na mizigo ya ndani waachiwe wenye punda, kwani nao wana wana wa kulisha.