Askari Anapoichoma Nyumba

Walimu wenzangu, tumezoea kufunza kwamba seli nyeupe za damu ni askari wa mwili. Hatufunzi kwamba askari hao waweza kumwangamiza wanayemlinda. Katika Korona kali, wengi walifariki kinga ilipopita kiasi na kuyashambulia mapafu.

Hatari hiyo huacha alama katika damu: protini iitwayo CRP hupanda, feritini kadhalika. Mwaka 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa rahisi ya kutuliza kinga, ilipunguza vifo vya waliowekewa mashine za kupumulia kwa takriban thuluthi moja. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Ndiyo maana napinga kuinunua dukani bila kupimwa: virusi vingali vikiongezeka, mgonjwa huwa amewapokonya askari wake silaha.