Msitume mikanda ya mgongo nyumbani

Jamani wenzangu, haya nayaandika huku najilaumu. Mwaka juzi mama alinipigia simu toka Tanga: "Mwanangu, mdogo wako bega moja limepanda, sketi ya shule nayo inakaa upande. Huko Uingereza hakuna mikanda ya kunyoosha mgongo?" Ipo, tena tele. Nikanunua ule wa mpira unaovuta mabega nyuma, pauni 15, nikampa mtu anayekwenda likizo. Nikajiona dada wa maana.

Binti alikuwa na miaka 12. Aliuvaa miezi minane, na kila akikaa mezani anaambiwa, "Kaa wima wewe!" Alipokuja kupigwa eksirei, mgongo umepinda nyuzi 31. Ulikuwa ngapi siku niliyonunua mkanda? Hakuna ajuaye, maana tulituma dawa kabla ya kupima.

Skoliosisi si uvivu wa kukaa. Uti wa mgongo unapinda kwenda ubavuni na papo hapo pingili zinajizungusha, ndiyo maana mtoto akiinama mbavu za upande mmoja zinatokeza. Kwa vijana wengi chanzo hakijulikani. Si mkoba wa shule. Sasa kamkanda ka mabega katafanya nini hapo? Mabega yatakwenda nyuma, mpindo utabaki palepale.

Bresi yenyewe ni kitu kingine kabisa. Ni gamba gumu la plastiki linalotengenezwa kwa vipimo vya mwili wa mtoto mwenyewe. Ndani lina pedi za kusukuma pale palipotokeza, na upande wa pili huachwa nafasi ili mwili upate pa kwenda. Kwa kawaida hupewa mtoto ambaye bado anakua, mpindo ukiwa kati ya nyuzi 25 na 40. Na hapa ndipo wengi tunapodanganyika: haikurudishii mgongo ulionyooka. Akiwa ameivaa, picha huonyesha mpindo umepungua. Akishaiacha, sehemu ya nafuu hiyo hupotea. Kazi yake hasa ni kuzuia mpindo usifike nyuzi 50, maana huko mazungumzo ni ya upasuaji.

Inazuia kweli? Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada, ukachapishwa mwaka 2013, ulikuta asilimia 72 ya waliopewa bresi walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50. Waliofuatiliwa tu bila bresi walikuwa asilimia 48. Kwa hiyo karibu nusu wangesalimika hata bila kuivaa, hilo tusilifiche. Lakini walioivaa wastani wa saa 13 na zaidi kwa siku, 9 katika kila 10 walisalimika. Dawa ni saa, si plastiki tu.

Na saa 13 ndani ya plastiki kwa joto la Tanga si mchezo. Shangazi anasema tunamtesa mtoto. Simlaumu, ila sikubaliani naye: miaka ya kukua ni michache na hairudi. Ninachodai ni mtoto aambiwe ukweli tangu mwanzo, kwamba anavaa ili hali isizidi. Mdogo wangu alidhani atavua na kukuta mgongo mpya. Alipojua sivyo alilia siku nzima, halafu akaivaa mwenyewe.

Mafundi nyumbani wapo. TATCOT, pale KCMC Moshi, wanafundisha watengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya namna hii tangu 1981. Zile pauni 15 zangu zingeanza na nauli na eksirei.

Safari hii hajaniomba mkanda. Ameomba fulana za pamba zisizo na mshono ubavuni, za kuvaa chini ya bresi zisimchubue. Nimeshanunua sita, anayekwenda Tanga Desemba anitafute.